Mguu wa Kobe

Asubuhi niliyoondoka Shinyanga sikuwa na pa kwenda. Niliamka katika chumba nilichokuwa nachangia na wapakiaji wa mpunga, nikakunja shuka na kutoka kabla hawajaanza kuulizana nani atachota maji. Karibu na mashine za kukoboa palikuwa na lori lililobeba miti myembamba mirefu. Nikamuuliza dereva ile miti ni ya nini. Akasema ni matimba, ya kushikilia kuta za maduara, yale mashimo ya dhahabu, zisiwaangukie watu. Nikamuuliza inapangwaje huko chini, inapigiliwa misumari au inabanana yenyewe. Akacheka, akaniambia nipande nikajionee.

Nimekuwa hivyo tangu niache shule darasa la sita. Nikiona kitu kinafanya kazi na sijui kwa nini, situlii. Nimelala katika gereji, katika vinu vya pamba, hata katika banda la mtu aliyetengeneza majeneza, kwa sababu tu nilitaka kujua vile vishikio vyake vinashikwa na nini. Siku ile nilikaa juu ya matimba hadi Kahama, nikauona mlima wa kifusi cha mgodi wa Buzwagi ukipita upande mmoja kama kitu kilichomwagwa na kusahauliwa, na jua lilipokuwa limepanda sawasawa tukafika Segese.

Lori lilishusha mzigo nyuma ya kibanda cha fundi wa kuchomelea. Fundi mwenyewe, mtu wa makamo mwenye nafasi katikati ya meno ya mbele, alikuwa amepiga magoti. Mbele yake alikuwa ametandaza minyororo miwili ya pikipiki sambamba, na kati yake ameunganisha vipande vya tairi, kimoja baada ya kingine, kama ngazi.

Nikamwamkia. Akaitika marahaba bila kuinua kichwa.

"Unaangalia nini, ngosha?" aliuliza, akiniita mwanaume kwa Kisukuma.

"Naangalia huo mkanda wa tingatinga. Ni wa tingatinga gani dogo hivyo?"

"La kwenda mahali ambapo mtu hataki kwenda," alisema. "Shika hapa."

Nikashika, na sikuondoka tena.

Kilichokuwa kinatengenezwa nilielezwa siku hiyo hiyo, kwa maana haikuwa siri. Mwenye duara, ambaye wote walimwita Bosi, alikuwa anafuata mwamba wa dhahabu chini ya ardhi, na watu wa duara la jirani walikuwa wanaufuata mwamba huo huo kutoka upande wao. Ukishuka ulizisikia nyundo zao ndani ya ukuta. Wachimbaji wana neno la siku ambayo ukuta huo unaisha: kutoboana. Siku ya kutoboana, anayeshika tundu ndiye anayeshika mwamba. Watu hurushiana mawe humo. Huchomeana pilipili, moshi ukaingia upande wa pili, na wapo waliopandishwa juu wakiwa wamefungwa katika turubai. Bosi alikuwa amechoka kutegemea watu. Alitaka kitu kisichokohoa.

Fundi ndiye aliyejua chuma. Mimi nilijua kidogo mambo ya umeme, kwa kubomoa redio za watu. Kila upande wa mashine tuliweka mota ya waipa ya gari, ikazungusha gurudumu la meno, na gurudumu likavuta mnyororo. Ya kuiendesha tulitumia swichi za vioo vya gari, mwisho wa waya mrefu. Mwanzoni betri tuliiacha kwetu, na mashine ikafika mbali kidogo tu ikaanza kuguna, kwa sababu waya ule mrefu ulikuwa unakula nguvu njiani. Nikapendekeza betri ipande juu ya mashine yenyewe, waya ubebe amri tu. Ilipoondoka tena ilipita juu ya matofali, ikashuka upande wa pili bila kutikisika, na nilifurahi kiasi kwamba sikuangalia sana mbele yake kulikuwa na nini.

Mbele kulikuwa na bomba nene lililochomelewa meno ya chuma cha springi za lori. Stata ya gari ililizungusha. Siku ya kulijaribu tuliweka gunia la pumba, na mchimbaji mmoja, kwa kutaka kuchekesha, akachomeka gambuti mbili chini ya gunia, lionekane kama mtu amelala. Mashine ilitembea polepole, ikafika. Baadaye tuliokota vipande vya mpira hadi kwenye shamba la jirani. Aliyeleta gambuti hakucheka, akauliza tu kama kuna mtu mwenye sigara.

Wakaiita Kobe.

Jumapili baada ya misa alikuja mtu kula kwa fundi. Alikuwa kijana kuliko fundi, lakini alipotabasamu niliona nafasi ile ile katikati ya meno. Alikuwa mdogo wake, tumbo moja. Tulikula ugali na mlenda, kisha mke wa fundi akatuletea michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, na chai. Ni hapo nilipofahamu kwamba mdogo mtu anachimba katika duara la jirani. Nyundo nilizokuwa nazisikia ndani ya ukuta, mojawapo ilikuwa yake.

Baada ya chai alienda kuinua turubai lililomfunika Kobe, akachungulia.

"Kaka, huyu kobe wako anang'ata?"

"Anamng'ata anayekutana naye."

"Na akinikuta mimi?"

Fundi aliendelea kukwangua sahani iliyokuwa tupu. Mdogo wake akashusha turubai taratibu, akalikunja vizuri pembeni, kama mtu anayemfunika mgonjwa. Kisha wakatoka wawili, wakasimama muda mrefu kwenye migomba. Wakiongea Kisukuma cha haraka mimi huambulia neno hapa na pale, na siku ile sikuambulia hata moja.

Wiki ya kutoboana nyundo za upande wa pili zilikuwa wazi kiasi cha kusikia mtu akipumua kati ya pigo na pigo. Bosi alikwenda kwa mganga, akarudi na kitambaa cheusi cha kaniki chenye fundo. Mganga alikuwa amesema kifungwe mguuni, na kikishafungwa mtu asikiguse tena.

Tulisimama tukiizunguka mashine. Mchimbaji mmoja akasema kobe wa porini ana miguu minne, huyu wa Bosi wamhesabu vipi? Mwingine akasema mguu wake ni ule mpira wote. Wakabishana. Bosi alianza kukasirika, akamgeukia fundi.

"Mguu ni kile kinachomsukuma," fundi alisema. Akanyoosha kidole kwenye gurudumu la meno, pale mnyororo unapopandia. "Funga hapo, ngosha."

Nilimtazama. Mtu yeyote ambaye kanga ya mama yake imewahi kuliwa na mnyororo wa baiskeli angejua kitambaa pale kitafanya nini. Nilingoja atabasamu.

"Funga," alisema tena.

Nikafunga. Na kwa kuwa ilikuwa dawa, hakuna aliyethubutu kukikaza wala kukisogeza.

Walimteremsha Kobe kwa winchi, ndani ya ndoo kubwa ya mawe. Mimi na fundi tulitangulia na waya. Bosi alibaki juu. Huko chini ukuta ulikuwa umekwisha kutoboka tundu la kupitisha kondoo, na upande wa pili palikuwa giza tupu, kimya. Hakuna jiwe lililorushwa. Hilo lilinitisha kuliko moshi wa pilipili.

Nilibonyeza swichi. Kobe akaenda, bomba likinguruma, taa yake ikipungua, waya ukinitoka mkononi. Alipoingia kwenye tundu nikasikia mnyororo ukiruka, mara moja, mara nyingine, kisha mota moja ikaanza kulia. Harufu ya waya unaoungua ikaturudia. Bomba likasimama. Wachimbaji waliokuwa wametufuata wakaanza kunong'ona kwamba dawa imekataa.

Mashine ilikuwa imekufa. Lakini waya uliendelea kwenda.

Ulipita kiganjani mwangu taratibu, bila kukwama, kama kamba ya mtu anayeteka maji kisimani. Kulikuwa na mikono upande wa pili, mingi, na ilikuwa tayari. Nikaubana. Ngozi ikaanza kuchubuka. Fundi akaweka mkono wake juu ya wangu.

"Achia," alisema.

Ncha ya waya ilipita miguuni petu na zile swichi mbili zikiruka juu ya mawe, ikaingia kwenye tundu. Baadaye kidogo tukasikia watu wakipanga matimba na mawe, wanaliziba kutoka kwao.

Juu, Bosi hakupiga kelele. Aliuliza swali moja: nani alifunga dawa. Wote wakanitazama mimi. Fundi naye akanitazama.

Kabla jua halijapanda kesho yake fundi alinikuta nakunja shuka. Alisema nimefanya vizuri kuwahi. "Mimi nina mtu kule chini," aliniambia. "Wewe hapa huna mtu. Nenda Nyarugusu. Nyuma ya makarasha ya kusaga mawe kuna nyumba ya wageni yenye geti la bluu. Sema umetoka kwangu."

Nilikwenda kwa pikipiki hadi Bukoli, kisha juu ya gari la mawe. Nilifika jua linashuka, vumbi la makarasha limekaa juu ya mapaa yote. Geti la bluu lilikuwepo. Mama mwenye nyumba alinisalimia kwa Kisukuma, mwadila, na kabla sijasema natoka kwa nani akanipa ufunguo. Chumba kimefagiliwa tangu juzi, alisema.

Juzi nilikuwa bado Segese, na Kobe alikuwa hajashushwa.

Uani, chini ya turubai lililokunjwa vizuri pembeni, niliona vipande vya tairi nilivyovikata kwa mkono wangu. Mdogo wake fundi alikuwa amekaa juu ya ndoo, mzima, anakwangua mabaki meusi kwenye gurudumu la meno. Alitabasamu kwa ile nafasi yao.

"Karibu, kaka. Kitambaa tumekitoa. Mota ya kushoto ndiyo hatujaielewa. Bosi wetu anataka Kobe arudi Segese akiwa mzima."

Nikamuuliza kaka yake je.

"Kaka ameambiwa na Bosi wake atengeneze mwingine," alisema, na kutabasamu kukaisha. "Na ameambiwa ashuke naye mwenyewe."

Barabarani gari la mwisho la kwenda Geita lilikuwa limeshapita. Niliingia chumbani, nikatandika shuka langu. Dirisha lilikuwa moja tu, na lilitazama uani.