Mtama Juu ya Ngoma ya Mzee Egidi

Mzee Egidi Havyarimana alipanga chumba cha mwisho uani kwetu mtaa wa Chemchem, kile cha karibu na choo, na kwa muda wote tulioishi naye sikuwahi kuona mgeni akibisha mlango wake. Mchana alichonga vinu na vigoda, akaviuza kwa watu waliokuja kununua vitumbua vyangu. Jioni alikula ugali wake akiutazama ukuta. Ukimwambia "Shikamoo babu," alijibu "Marahaba Zabibu, marahaba mwanangu," kwa furaha iliyozidi salamu yenyewe, mpaka ukaona haya kumwacha na kwenda zako.

Kitu chake cha thamani kilikuwa ngoma. Ilichongwa kwa gogo zima, ikawambwa ngozi ya ng'ombe, na aliifunika kwa kanga ya marehemu mkewe, Esperansi. Mzee aliletwa makazi ya Ulyankulu akiwa mtoto, wazazi wake wakiwa wakimbizi kutoka Burundi, na huko alikua akipiga ngoma na wenzake kila sikukuu ya kanisa. Kisha ikaja ile miaka ya kuchagua, ama urudi Burundi ama uchukue uraia. Wenzake wakapanda magari wakaenda. Yeye akabaki, maana Esperansi alikuwa amezikwa Ulyankulu, naye alisema hawezi kumwacha mtu chini ya udongo peke yake; hata alipohamia mjini kutafuta wateja, alirudi kulipalilia kaburi. Wa mwisho kuondoka alikuwa rafiki yake wa utotoni, Nizigiyimana. Hao wawili walikuwa wakipiga pamoja, Nizigiyimana akiita na Egidi akijibu. Waliagana kwa ahadi kwamba kabla ya kufa watapiga tena.

Tangu siku ile ngoma haikulia. Watoto wa uani waliiomba wakachoka. Mimi mwenyewe nilimbembeleza siku ya harusi ya mdogo wangu Shamila.

"Babu, tupigie hata kidogo, bibi harusi atoke na shangwe."

"Kwetu ngoma moja haipigwi, mwanangu. Ngoma ya mtu mmoja ni ya matanga. Unataka nimlilie matanga bibi harusi?"

Nilinuna wiki nzima, kwa sababu nami nina hasira zangu. Nilimwona mchoyo. Kidole kimoja hakivunji chawa, sawa, lakini kwani kuchangamsha harusi kunataka kijiji kizima?

Simu yake ilikuwa kitochi, kwa hiyo salamu zake za Burundi ziliingia kwenye simu yangu. Mvua za kwanza za mwaka jana zilipoanza, Nizigiyimana akatuma sauti. Nikaketi na mzee barazani, nikaifungua. Ilikuwa ngoma. Kwa spika ya simu yangu ilisikika kama mtu anayegonga sufuria, akinyamaza, akigonga tena. Mzee alisikiliza kidogo tu, uso ukamkunjamana.

"Zima."

"Bado haijaisha, babu."

"Zima, nimesema! Amepiga peke yake. Amesahau sisi ni watu gani."

Nikazima. Nikamuuliza nijibu nini, akasema nisijibu kitu. Nikajiambia ya wazee niwaachie wazee, nikarudi kwenye vitumbua vyangu. Kabla mahindi hayajakomaa, mtoto wa Nizigiyimana akaandika kwamba baba yao amefariki. Nilimsomea mzee ule ujumbe mlangoni kwake. Akaniambia asante, akafunga mlango, na siku nyingi zikapita bila kusikia tezo yake ikichonga. Nilimpelekea uji, nikaukuta umeganda pale pale nilipouweka.

Aliyemtoa ndani ni Shigela, kijana msanii kutoka Mwanza. Alikuwa akiandaa onyesho kwenye ukumbi mmoja karibu na stesheni, onyesho la sauti na mitikisiko, sanaa na sayansi pamoja. Alikuja kutafuta kinu, akaiona ngoma chini ya kanga.

"Shikamoo mzee. Naomba kuiazima hiyo."

"Marahaba. Haipigwi hiyo."

"Sitaipiga, mzee. Hakuna atakayeigusa. Itasikiliza tu."

Sijui ni nini kilimlainisha katika neno hilo. Labda naye alikuwa amebaki wa kusikiliza tu. Alikubali, akasema atakuja kuilinda.

Siku ya kufungua nilifuatana naye, amevaa koti lake la misa. Humo ukumbini palikuwa na sinia la maji lililotetemeka lenyewe juu ya spika, na waya uliokazwa ukuta kwa ukuta, ukiugusa unavuma. Katikati ilisimama ngoma ya mzee, kanga imeondolewa, ngozi imenyunyiziwa punje za mtama, na spika kubwa imeielekea. Shigela akaeleza kwamba sauti ni mtikisiko. Kitu kikitikisika hapa hutikisa hewa, na hewa hutikisa ngozi kule. Akafungulia honi ya treni, mtama ukaruka na kujipanga duara. Akafungulia mvua ya juu ya bati, mtama ukatetemeka. Wanafunzi waliokuja kutazama wakapiga kelele kwa raha.

"Nani ana sauti yake tuijaribu?" akauliza Shigela.

Mdomo wangu haujui kukaa. "Simu yangu ina ngoma ya Burundi," nikasema, na papo hapo nikatamani ardhi inimeze. Nikamtazama mzee. Watu nao wakageuka kumwangalia.

"Iweke," akasema. "Yote."

Kwenye spika ile haikuwa sufuria tena. Iliingia kifuani. Mtama ukaruka, kisha ukatulia. Ukaruka tena, ukatulia. Mzee akasogea, akainama juu ya ngozi. Kwanza uso wake ulikuwa ule ule wa barazani. Kisha nikaona mkono wake ukigonga paja, polepole, kila mtama ulipotulia. Akanishika mkono kwa nguvu hadi nikaumia.

"Zabibu, hakupiga peke yake."

"Kivipi, babu?"

"Hapa ni pangu." Alionyesha mtama uliotulia. "Anaita, ananiachia nafasi nijibu. Hapa pangu. Na hapa tena. Alinitumia nusu yake, mwanangu. Alikuwa ananisubiri, mimi nikamzima."

Alilia mbele za watu bila kujificha. Shigela akanyoosha mkono akate sauti, mzee akamzuia.

"Rudisha mwanzo."

Fimbo zake zilikuwa zimefungwa kwa kamba ubavuni mwa ngoma. Akazifungua, akavua koti, akanipa nilishike. Nizigiyimana akaita. Mzee Egidi akajibu. Punje za mtama zilitawanyika sakafuni, na yule mzee wa chumba cha karibu na choo akawa mtu nisiyemjua, mabega juu, shingo imesimama, akiingia kila alipoachiwa bila kukosea hata mara moja. Watu wakapiga makofi wakidhani ni sehemu ya onyesho. Nilitamani kuwazaba vibao.

Alipiga mpaka ngoma ya mwenzake ikakoma. Zikafuata spikani pumzi za Nizigiyimana aliyechoka, halafu sauti ambayo hatukuwahi kuifikia siku ile barazani, kwa Kiswahili chao cha Ulyankulu:

"Haya Egidi. Umeingia?"

Spika ikanyamaza. Mzee alikuwa bado ameinua fimbo, jasho likimtiririka.

"Nimeingia," akasema, akaigeuzia spika sikio, akasubiri mwenzake aseme neno.