Siku Nilipokaa Kiti cha Mbele Kwenye Misa ya Masista

Sikutaka kulisema jambo hili. Nimekaa nalo kama mtu aliyekalia mwiba katikati ya mahubiri, hawezi kulia wala hawezi kuinuka, lakini sasa naona kwenye kituo cha majani chai hapa Manga watu wanalisimulia mbele yangu na kuongeza ya kwao, juzi nimesikia mwanamke mmoja akisema eti padri alinikimbiza mpaka barabarani. Uongo. Sikukimbizwa, nilitembea mwenyewe. Basi nisikilizeni mimi niliyekuwa pale, na mkicheka mcheke yale niliyoyafanya kweli, hayo peke yake yanatosha.

Mjukuu wangu anaitwa Moraa. Nimemlea tangu mama yake alipoenda kufanya kazi Nairobi, nimemfundisha kukama, kuchuma chai, na kunyamaza wakubwa wakiongea (hilo la mwisho halikushika vizuri, mtaona). Alipomaliza gredi ya tisa serikali ikamchagulia shule ya kwenda gredi ya kumi, nayo ikawa shule ya wasichana ya masista wa Kikatoliki, huko chini upande wa Nyamira. Ni shule nzuri. Wasichana wa huko ukikutana nao njiani wanasalimia, na hawatembei wakitafuna. Nilifurahi sana, nikaimba nikipika, mpaka nikakumbuka kwamba sisi ni Wasabato. Na si Wasabato wa juzi, ni wa tangu mababu, ng'ombe wetu wenyewe wanajua Jumamosi hakuna mtu wa kuwakatia majani, yamekatwa Ijumaa.

Sasa hapo akaingia Kwamboka. Kwamboka ni jirani yangu, Mkatoliki, anauza maparachichi sokoni, mtu mwenye roho nzuri lakini anajua mambo mengi kuliko yaliyotokea. Akaniita juu ya ua.

"Mama Ombati, umesikia hao masista wanauliza kadi ya ubatizo?"

"Kadi gani?"

"Ya ubatizo wa kwetu. Wakiona wewe si mtu wao watakuambia pole mama, nafasi zimejaa, na ukirudi huku shule zingine nazo zimeshajaa. Huyo mtoto atakaa hapa akichuma chai na wewe."

Moraa alikuwa amesoma, jamani. Mtoto alikuwa anasoma akichochea moto, anasoma akichunga ndama, ndama anakula mboga za watu yeye hajui. Nikajiuliza, akose shule kwa sababu ya kanisa la bibi yake? Basi nikafanya uamuzi, na ulikuwa mdogo tu, ungeweza kuingia mfukoni. Nikamwambia Kwamboka, "Niazime ile sare yako ya kina mama wa kanisa."

Alicheka mpaka akaushika ua. Halafu akanipa yote: gauni la buluu, kitambaa cha kichwa chenye picha ya Bikira Maria, na rozari, ambayo mimi niliivaa shingoni juu ya gauni kama shanga za harusi (baadaye niliambiwa haivaliwi hivyo). Akanifundisha kupiga ishara ya msalaba pale jikoni kwake, mkono wangu ukawa unapotea ukifika mabegani.

Siku ya kuripoti Moraa, ambaye huniita magokoro, yaani bibi, akanitazama kutoka juu mpaka chini.

"Magokoro, mbona umevaa hivyo?"

"Vaa viatu."

"Lakini magokoro, sisi si..."

"Nimesema vaa viatu."

Tukapanda boda boda, sanduku mbele, sisi nyuma, tukateremka mlima.

Kwenye lango alisimama kijana mmoja mwenye tai, ndiye katekista wa shule, anakaribisha wazazi. Aliponiona na ile sare uso ukamng'aa. "Tumsifu Yesu Kristo!" akasema kwa nguvu. Nikajibu, "Asante sana, habari ya asubuhi." Akangoja kidogo, kama mtu aliyetoa mkono na hajapewa. Nami nikangoja. Mwishowe akanionea huruma ya uzee, akauliza, "Mama, jumuiya yenu ni gani?"

Hilo Kwamboka alikuwa amesahau kunifundisha. Jumuiya ni vile vikundi vyao vya majirani, kila kimoja kina mtakatifu wake. Nikatafuta mtakatifu kichwani haraka, na mimi watu ninaowajua vizuri ni wa Agano la Kale.

"Mtakatifu Musa," nikasema.

"Musa?"

"Musa. Yule wa bahari."

"Hiyo iko wapi, mama?"

"Iko juu kabisa, huko mlimani."

"Kumbe wamefungua jumuiya mpya huko!"

"Imeanza juzi tu," nikasema, na kusema kweli haikuwa imefika hata juzi, ilikuwa imeanza pale langoni. Moraa alikuwa anatazama mawe.

Tukapiga laini mpaka mezani, ambapo sista mmoja mdogo mwenye miwani alikuwa anaandikisha watoto na kusoma sheria za shule. Sheria nilizipenda, siwezi kudanganya: nywele fupi, simu hakuna, sanduku linakaguliwa, kila mmoja anahudhuria Misa ya shule kwa heshima. Nikaitikia kwa kichwa kila sheria. Halafu akauliza, "Dini?" Moraa akafungua mdomo, nikamkanyaga. "Katoliki," nikasema. Sista akaandika. Kadi ya ubatizo hakuidai, alisema tu tutaileta siku ya wazazi, nami nikasema ndiyo, kana kwamba naijua iliko.

Kando ya jengo, karibu na tangi la maji, nikaona wasichana wengine wamekaa na masanduku yao, mwalimu mmoja mwanamume anaongea nao pole pole. Mama aliyekuwa nyuma yangu akasema hao ni Wasabato. Nikasema, masikini, hao ndio wanaoelezwa njia ya kurudi nyumbani, nikamshika Moraa mkono, nikamwambia asitazame huko. Nikajiona mwerevu! Nikaitengeneza hata rozari shingoni.

Kumbe baada ya kuandikishwa kulikuwa na Misa ya kuwakaribisha wageni. Mimi nilikuwa nimepanga kukaa nyuma kabisa, karibu na mlango, nifanye wanavyofanya wengine. Lakini katekista akanifuata. "Mama wa Mtakatifu Musa, wewe ni mtu mzima, huwezi kukaa nyuma na hiyo sare," akaniongoza mpaka benchi la mbele, nikawekwa ukingoni, pamoja na kina mama wengine wa buluu, na Moraa akapelekwa upande wa wanafunzi.

Nyinyi ambao hamjawahi kuingia Misa hamjui shida ya benchi la mbele. Wale watu husimama na kukaa na kupiga magoti, kila jambo na wakati wake, na mbele yako hakuna mtu wa kumwiga. Wale wa kando yangu walikuwa wepesi sana, nikigundua wamesimama wao wameshakaa. Basi ikabidi nigeuke nyuma kutazama kanisa zima. Na mimi uso wangu si uso wa kuchekacheka, hata mume wangu (Mungu amrehemu) alisema nikiangalia maziwa yanaganda. Kila nikigeuka, watu waliokuwa wanaongea wananyamaza, aliyekaa anapiga magoti haraka, baba mmoja akatoa kofia, mwingine akamfinya mtoto wake. Walifikiri nimewekwa pale kuwachunga. Nikaona, hili linaweza kwenda vizuri.

Halikwenda. Ikafika wakati wa komunyo. Benchi letu lote likasimama, mimi nikabaki nimekaa, katekista akaninyooshea mkono kwa heshima: karibu, mama. Nikafikiri, nikikataa watajua. Nikaenda. Padri akasema maneno yake, nikasema amina (hiyo nilikuwa nayo), nikakinga mikono yote miwili, akaniwekea kile kipande cheupe kidogo kama kifungo cha shati. Nikageuka, nikarudi zangu kukaa.

Sasa mnielewe. Kwetu Wasabato, siku ya Meza ya Bwana, mkate ukipewa huuli. Unaushika. Unangoja kila mtu apewe, mzee wa kanisa aseme tuleni, ndipo mnakula pamoja, halafu kikombe kinakuja. Anayekula kabla ya wengine tunamtazama vibaya, mimi mwenyewe nimewahi kumtoa kijana mmoja nje kwa sababu hiyo. Kwa hivyo nilikaa pale, mikono nimeikunja mapajani juu ya ule mkate, macho nimefumba, nikingoja.

Nikasikia mtu anapumua karibu na sikio langu. Ni katekista, jasho linamtoka.

"Mama. Mama, kula."

"Ngoja, baba. Wengine hawajapewa."

"Kula sasa hivi, mama, tafadhali."

"Mbona una haraka hivyo? Hata kikombe hakijaja."

"Kikombe gani?"

Nilikuwa nimemkemea kwa sauti ninayotumia shambani. Kwaya ikapunguza wimbo. Padri akasimama na chombo chake mkononi, akashuka mwenyewe mpaka kwenye benchi letu, mtu mzima, si kijana, akainama, akaniita mama mzee kwa lugha ya kwetu, akauliza kwa upole, "Omong'ina, wewe ni wa kanisa gani?"

Nikafungua mdomo na Musa akakataa kutoka. Kwaya ilikuwa imeacha kuimba kabisa. Na kutoka upande wa wanafunzi sauti ikasimama, sauti ile ile niliyoifundisha kusoma mafungu mbele ya watu bila kuogopa:

"Ni Msabato, Padri. Sisi sote ni Wasabato."

Jamani. Kuna waliocheka, kuna waliopiga ishara ya msalaba, na yule baba aliyetoa kofia akaivaa. Padri hakucheka wala hakukasirika. Aliuchukua ule mkate mkononi mwangu kwa vidole viwili, pole pole sana, akaula yeye mwenyewe, akachungulia viganja vyangu aone kama kuna chembe iliyobaki. Hapo ndipo niliposikia aibu yenyewe. Nilijua nimeshika kitu chao kitakatifu kama mtu aliyeshika mahindi ya kuchoma, na mtu angefanya hivyo kanisani kwetu ningemtafutia fimbo.

Baada ya Misa tuliitwa ofisini kwa sista mwalimu mkuu, mimi na Moraa. Sista huyo ni mtu wa huku kwetu, mnene, mtulivu, wa kukutazama kwanza halafu kuongea. Sikukaa. Nikasema, "Sista, mtoto hana kosa. Kama ni kufukuza, nifukuze mimi, yeye mwache asome."

"Nani alikuambia tunafukuza Wasabato?"

"Jirani yangu."

"Ni mwalimu huyo jirani?"

"Anauza maparachichi."

Akajifuta mdomo kwa leso kwa muda mrefu kidogo. Kisha akanieleza. Kumbe serikali ikishamchagua mtoto, hawamuulizi dini ili wamkatae. Kadi ya ubatizo ni ya watoto wao Wakatoliki, wajue nani bado hajapata kipaimara wamfundishe. Misa kila mwanafunzi anahudhuria, lakini hakuna anayelazimishwa kwenda mbele. Na wale wasichana wa kando ya tangi la maji hawakuwa wanarudishwa popote, yule mwalimu mwanamume ni Msabato kama mimi, alikuwa anawaonyesha darasa watakalosalia Jumamosi.

"Wengine wote," sista akasema, "Jumamosi ni kufua, kufagia na mitihani midogo. Ungetuachia huyu kama Mkatoliki, angekuwa wapi kesho kutwa, Sabato ikiingia?"

Nilikuwa nimempigania mtoto shule, na kwa mkono huo huo nikaiuza Sabato yake, na angeinama kufagia kila Jumamosi mpaka amalize, akijua ni bibi yake aliyemwandikisha hivyo.

"Nilitaka kusema, magokoro," Moraa akasema. "Ukanikanyaga."

"Nyamaza," nikasema. Halafu nikasema, "Hapana. Usinyamaze."

Sista akatuambia sheria ni moja: aliyeandikishwa vibaya anarudi mwisho wa laini, aanze upya. Hakutuhurumia, na mimi nisingetuhurumia. Tukarudi kwenye jua, nyuma ya watu wote, mimi na Bikira Maria wa watu kichwani. Minong'ono ilitangulia mbele yetu kama kuku. Mama mmoja akaniuliza kama ni kweli kwetu tunaabudu Musa. Nikamtazama. Hakuuliza tena.

Tulipofika mezani yule sista wa miwani akachukua kalamu, bila kuinua macho, akauliza, "Dini?" Nikafunga mdomo. Nawaambia, kuupanda mlima wa Manga na mzigo wa ndizi ni kazi rahisi kuliko ile.

"Msabato," Moraa akasema.

"Na mzazi atakayekuja siku ya wazazi?"

Moraa akageuka akanitazama. Watu wote walikuwa wanasikiliza, na nakiri nilidhani atasema mama yake aliye Nairobi, na nisingemlaumu, mtoto ana maisha yake hapo, ana marafiki wa kutafuta.

"Ni huyu," akasema kwa ile sauti yake ya kusomea mafungu. "Ni magokoro wangu."

Basi. Mkate wa kanisa la watu sitaugusa tena, na mtoto wangu akiulizwa jambo lake mwenyewe, miguu yangu itakaa pale ilipo.