Fajita za sinia moja, na mama zangu wawili wa Kindu

Wakuu, hamjambo humu ndani.

Juzi kuna ndugu aliuliza jinsi ya kupika fajita za kuku kwa oveni, sinia moja tu, bila kuchafua masufuria. Nikaanza kumjibu: kata kuku, kata hoho, washa oveni. Nikashindwa kuendelea. Chakula hicho mimi sikukijulia mtandaoni, na kila nikikipika kuna watu wananijia kichwani.

Basi acha nieleze yote. Yamenitokea mwenyewe na sijayatia nakshi. Mwenye haraka ashuke chini, maelekezo ya mapishi yako humo katikati.

Mimi ni mzaliwa wa Kindu, Maniema. Hii ni enzi za Zaire, chama kimoja, Jumamosi asubuhi wote mnatoka na majembe kufanya salongo, yaani kazi ya bure ya kusafisha mji. Wa rika langu wanakumbuka. Naitwa Mwavita, na wakati huo nilikuwa msichana mkubwa tu, nafundisha darasa la kwanza.

Baba yangu alikuwa na wake wawili ndani ya uwanja mmoja. Wa kwanza tulimwita Mama Mukubwa, mtu wa Tunda, huko Kibombo. Wa pili ndiye mama aliyenizaa.

Watu wakisikia wake wawili wanafikiri vita. Haikuwa vita. Ilikuwa kimya.

Mwanzo wake ninausimulia kama nilivyousikia kwa shangazi, maana nilikuwa bado mgongoni. Ramadhani moja baba alialika wageni. Wakati wa kufuturu, mbele ya wote, akasema pilau ya mke mdogo imeishinda ya mke mkubwa. Alisema akicheka, kisha akasahau.

Mama Mukubwa hakusahau. Tangu jioni ile hakuonja tena kitu kilichotoka jiko la mama. Na mama, kwa kuona amedharauliwa, naye akaacha kuonja cha mwenzake. Nimekua hivyo, wakuu. Majiko mawili, vyungu viwili, na salamu za "umeamkaje" basi.

Mimi peke yangu nilikula kote. Mama aliugua sana nilipokuwa mchanga, na Mama Mukubwa ndiye aliyenibeba. Mtoto wake mmoja aliyebaki hai alikwenda zamani Kisangani na kuoa huko. Kwa hiyo nilikuwa mtoto wake pia, na hilo mama hakulipinga hata siku moja.

Baba akafariki. Aliumwa kifua, muda mfupi, akaondoka.

Wajane wakakaa eda katika chumba kimoja, kitanda huku na kitanda huku. Chakula kililetwa na majirani, kwa hiyo neno la jiko halikutokea. Eda ilipokwisha, kila mmoja akarudi kwenye moto wake kama vile hakuna kilichobadilika.

Lakini kilibadilika. Mama Mukubwa sasa alikuwa anapika chungu cha mtu mmoja.

Haukupita muda, akafika kaka yake kutoka Tunda, Mjomba Selemani. Mtu mpole, amevaa abakosti, ile suti ya enzi zile isiyovaliwa tai, iliyopauka mabegani. Alikuja kumchukua dada yake.

"Hapa hauko tena na muntu," akamwambia, nami nasikia. "Kule iko shamba, iko watoto wa ndugu zako. Twende tukazeekee pamoja."

Mama Mukubwa akajibu kwamba ni sawa. Akaanza kukunja vikwembe vyake, yaani vitenge, na kuvipanga kwenye sanduku la bati.

Iliyobaki ilikuwa kungoja treni ya kwenda Kibombo. Wanaoijua treni ile wanajua: haina siku, ina habari tu. Leo utasikia iko njiani, kesho utasikia imeharibika. Tukangoja.

Siku zile nilikuwa naingia darasani nawafundisha watoto herufi huku nimetegea sauti ya treni. Nilimuuliza mama, "Unamuacha aende hivi hivi?"

Mama alikuwa anachambua mboga. Akasema kwa Kiswahili chetu, ambacho "njo" ni "ndiyo", "Ndugu yake njo amekuja. Mimi niseme kama nani?"

Nikaenda kwa Mama Mukubwa. Yeye akasema, "Nimeambiwa na nani nibaki?"

Mnaona tabu yangu. Kila mmoja anangoja neno la mwenzake, na neno halitoki.

Asubuhi moja Mama Mukubwa akanipa jogoo mchanga, kamfunga miguu kwa ugwe. "Uyu ni wako. Sitamubeba mu treni." Alikuwa anagawa kuku wake wote.

Jioni yake mama akatoka kwenye bustani yake ya kando ya mto Lualaba na kikapu cha vitunguu na pilipili hoho, nyekundu na kijani. Akaniwekea mlangoni bila kueleza. Nadhani aliona nimekonda.

Nikatazama jogoo. Nikatazama kikapu. Nikapata wazo la kuwapikia chakula cha kuagana, wote wawili.

Lakini nipike wapi? Nikipika kwa mama, Mama Mukubwa hatagusa. Nikipika kwa Mama Mukubwa, mama atasema ameshiba. Hata ningekwenda kwa jirani nikapika pilau, pilau yenyewe ndiyo ilileta mambo.

Hapo ndipo nikamkumbuka Masere.

Masere ni vile tunavyowaita watawa wa kike, kutoka Kifaransa. Huyu alikuwa mtu wa Meksiko, kafika kwetu sijui kwa njia gani, anafundisha kushona na kupika kwenye nyumba ya akina mama ya misheni. Nasi Waislamu tulikwenda, hakuna aliyetuuliza dini. Alitufundisha chakula cha kwao alichokiita fahita. Sisi tukasema faita. Kuku, vitunguu na hoho kwenye sinia moja, ndani ya tanuri, kisha unafunga kwenye chapati.

Kindu nzima hakuna aliyewahi kusifiwa au kushindwa kwa chakula hicho.

Sasa mapishi, kwa yule ndugu aliyeuliza.

Mjomba Selemani alichinja jogoo kihalali, nami nikatoa nyama kwenye mifupa na kuikata vipande virefu vyembamba kama kidole. Vitunguu na hoho nikakata hivyo hivyo, virefu. Limau, kitunguu saumu kilichotwangwa, chumvi, bizari nyembamba (sokoni kwetu haikosekani, mababu waliotoka pwani walikuja nayo), pilipili kali kidogo, mafuta ya karanga. Changanya kwa mkono, acha ikae nusu saa au zaidi.

Kisha tandaza kwenye sinia. Tandaza, usirundike. Ukirundika vitatoa maji na kuchemka humo, utapata mchuzi badala ya fajita. Oveni iwe kali. Geuza mara moja tu. Ukiona ncha za vitunguu zimeanza kuungua, toa.

Oveni yangu ilikuwa tanuri la Mama Feza, jirani aliyeoka mikate ya kuuza. Tanuri la udongo, mlango wa bati. Nilimngoja atoe mikate yake, moto ungali umejaa kwenye kuta. Alinipa sinia kubwa ya bati na kuniuliza, "Sasa hii njo mboga ama nyama?"

"Vyote, mama."

"Na sufuria iko wapi?"

"Haina sufuria."

Akanitazama kwa huruma. Lakini harufu ilipoanza kutoka, alivuta kigoda chake karibu na mlango wa tanuri na hakuondoka. Chapati pia nilizichoma kwake, kwa makaa yake. Sikutaka hata cheche ya nyumbani iguse chakula kile.

Nikabeba sinia kichwani mpaka nyumbani, bado inatoa sauti ya mafuta. Nikatandika mkeka katikati ya uwanja, jua limeshaanza kupoa. Mjomba Selemani nikamtengea yake kwenye sahani, akaelewa, akaenda kula barazani.

Nikawaita wote wawili, kwa sauti moja, bila kutaja jina. "Mama, mukuye tule," yaani njooni tule.

Wakatoka wote. Kila mmoja kwenye mlango wake. Wakasimama.

Mama Mukubwa akauliza, "Imepikiwa mu jiko ya nani?"

"Ya Mama Feza."

"Na njo chakula gani?"

"Ya Masere. Ya kwao, mbali."

Akafikiri. Akaja akaketi. Mama naye akaja, akaketi upande wa pili wa sinia. Nikawanawisha mikono.

Tukala. Nilikuwa naogopa hata kutafuna.

Halafu nikaona kitu. Mama alikuwa hali sana. Alikuwa anatafuta kwa vidole vipande laini, vile vya paja, na kuvisukuma polepole upande wa Mama Mukubwa. Hamtazami. Anavisukuma tu, kama mtu anayepanga sinia.

Mama Mukubwa akasimamisha mkono.

Mama akasema, macho chini, "Jino ile ingali inakusumbua?"

"Ulijua namna gani?"

"Si tulilala chumba kimoja wakati ya eda. Nilikuwa nakusikia unageuka-geuka. Nilitaka kukuchemushia maji ya karafuu, nikaogopa hautakubali."

Mama Mukubwa alichukua kipande kimoja kati ya vile vilivyosukumwa, akakifunga vizuri kwenye chapati, akala. Akachukua cha pili. Kisha akanigeukia mimi.

"Chumvi iko kidogo."

Mama akasema, "Iko kidogo sana."

"Njo vile anapikaka kila siku. Mukono mwepesi."

"Nimemufundisha nikachoka, dada."

Wakuu, nimewahi kusifiwa kwenye harusi na misiba, lakini sijawahi kufurahia sifa kama nilivyofurahia kusemwa siku ile. Waliendelea. Chapati ni nene. Kuku kakatwa kama amegombana na mtu. Mama Mukubwa akasema marehemu angetuuliza mchuzi umemwagika wapi, na mama akacheka, kicheko kikamgeukia kilio papo hapo, akajifuta kwa kanga kwa vile vidole vina mafuta.

Kisha akasema, bila mapambo, "Usiende."

Mama Mukubwa akanyanyuka, akanawa mikono, akaingia ndani na kurudisha mlango.

Nikajua tumechelewa.

Kesho yake habari ya treni ikaja, na safari hii ilikuwa kweli. Mama Mukubwa akavaa kikwembe chake kizuri, akashika kifurushi mkononi. Sanduku sikuliona, nikadhani Mjomba amelitanguliza na mkokoteni. Mama hakutoka kuaga. Nilimsindikiza Mama Mukubwa mpaka kituo cha gari la moshi bila kusema kitu, maana ningefungua mdomo ningelia barabarani.

Watu wamejaa, magunia, mabeseni ya samaki. Mjomba akapanda, akapata nafasi dirishani, akanyoosha mkono kumvuta dada yake.

Yeye akampa kile kifurushi. "Njo kuku wa jana na chapati. Utakula njiani. Usalimie watu wa Tunda."

"Na sanduku yako?"

"Iko nyumbani."

Mjomba alikiweka kifurushi mapajani. Hakukasirika. Akauliza tu, "Nani amekuambia ubaki?"

"Mwenzangu."

Tulirudi kwa miguu, taratibu, yeye mbele mimi nyuma. Mama tulimkuta amekaa kwenye kizingiti cha chumba cha Mama Mukubwa, hana kazi yoyote mkononi, na kumkuta mama hana kazi mkononi ni jambo la ajabu. Akatuona, akasimama.

Mama Mukubwa akampita, akavua viatu, akasema, "Unapika nini leo? Mimi sina kuku tena, nimegawa wote."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Sitaki kuwadanganya kwamba hawakugombana tena. Waligombana sana, maana sasa walikuwa wanaongea. Waligombana kuhusu sombe, yaani kisamvu, itwangwe vipi, kuhusu nani kamaliza mafuta, kuhusu mume nitakayeolewa naye. Nilipoolewa, walikuja wote wawili kumkagua bwana harusi.

Miaka ya baadaye mama alianza kuumwa, na akawa hataki kulishwa na mimi. Nikileta kijiko anageuza uso. Anasema, "Muite mwenzangu." Na Mama Mukubwa anakuja, mzee kabisa, anakaa kitandani, anampulizia uji na kumlisha huku akimsimulia habari za sokoni. Mama aliondoka mikononi mwake. Mimi nilikuwa njiani natoka kazini.

Nilipofika nilimkuta Mama Mukubwa bado ameshika bakuli. Akaniambia, "Amekula kidogo leo. Amekula vizuri."

Nilichojifunza? Si kwamba chakula kinatatua kila ugomvi, nimepikia watu wengi na bado wamegombana. Nilijifunza kwamba kuna watu wamekaa wanangoja waambiwe neno dogo tu, na wa kulisema yuko hapo hapo, naye anangoja. Ukiweza kuwaketisha karibu, waketishe. Mengine waachie wao.

Yule ndugu wa fajita, ukipika utuletee picha, na chumvi usiogope kama mimi. Na wewe uliyelelewa na mama zaidi ya mmoja, nimekaa hapa na chai yangu, nisimulie wa kwenu walikuwaje.