Shemeji Aliyeacha Kuogopa

Shemeji yangu alikuwa mwoga. Simsengenyi, nimemwambia usoni mara nyingi, naye hucheka, halafu huangalia kama kuna kitu juu ya kichwa changu kinachotaka kuanguka. Barabara alikuwa haivuki bila kunishika mkono wa shati. Chai aliipuliza mpaka ikawa maji. Balbu ikiungua nyumbani kwao, dada yangu ndiye aliyepanda kwenye kiti kuibadilisha, na mumewe alisimama chini ameshika kiti kwa mikono miwili, macho amefumba. Dada alipokubali kuolewa naye nilimuuliza amempendea nini mtu wa namna ile. Akaniambia, "Huyu atarudi nyumbani kila siku, kaka."

Ungemtarajia mtu kama huyo awe karani au fundi cherehani. Yeye alijenga matangi ya maji pamoja na mimi.

Matangi yetu si ya kupanga matofali. Kuta zinamwagwa kwanza uwanjani zikiwa zimelala chini: paneli za zege, kila moja ina urefu wa ghorofa mbili na uzito wa lori. Zikishakauka, kreni inaziinua moja moja na kuzisimamisha kwenye mfereji uliozunguka sakafu, mpaka duara lifunge. Halafu kamba za chuma hupitishwa ndani ya kuta, zikavutwa kwa mashine, na tangi zima likabanwa kama suruali kwa mkanda. Baada ya hapo hata uligonge kwa gari halitikisiki. Lakini kabla ya mkanda, kila paneli imesimama peke yake, na kinachoizuia isikuangukie ni vyuma viwili vya kuegemeza ambavyo sisi tunaviita miguu. Kichwa cha mguu kinafungwa katikati ya paneli, unyayo unafungwa sakafuni kwa nati. Mguu wa kushoto ulikuwa kazi yangu, wa kulia kazi yake.

Hapo ndipo alipolipata jina la Bwana Ngoja. Paneli ikishatua na miguu ikishafungwa, mtu mwingine angempigia dereva wa kreni kelele aachie, basi. Yeye aliweka kiganja kwenye zege na kukaa nacho pale kama anayempima mtoto homa. Akaupiga teke mguu wake, akasikiliza. Akaja kuupiga wangu. "Ngoja," akasema. Akazunguka tena. "Ngoja kwanza." Jua linatuchoma, msimamizi anafoka, dereva juu kule anaimba kwa kejeli, "Ngoja, ngoja, ngoja," mpaka hatimaye jamaa anainua mkono: "Achia." Mimi hasira zangu ziko karibu, na neno lile lilinikera mpaka kwenye meno. Nikimwambia ajali haina kinga, hujibu kwamba huo ni msemo wa wavivu wa kukaza nati.

Lakini sikuwahi kumwona mtu yeyote wa genge letu akipita chini ya paneli ambayo Bwana Ngoja hajaigusa. Tulimcheka, na tulimsubiri. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, na sisi kicheko tulikuwa nacho tele.

Dada aliugua muda mfupi tu. Siku za mwisho, alipokuwa hawezi hata kuinua kichwa, alinishika kidole akaniambia, "Kaka, mwangalie mwoga wangu." Nikamwambia ndiyo. Nilidhani ananiomba niwe namvusha barabara.

Asubuhi aliyorudi kazini baada ya msiba nilimsubiri ng'ambo kama kawaida, nikitaka kurudi kumchukua. Alivuka peke yake. Hakutazama kulia wala kushoto. Pikipiki ilimkosa kidogo tu, mwenye pikipiki akamtukana, naye akamwinulia mkono kama anayeitikia salamu. Nikasema moyoni, maskini, mawazo hayo, yataisha.

Jumapili mpwa wangu, binti yake wa pekee, alikuja kwangu. Yuko darasa la sita, na si mtoto wa maneno mengi.

"Mjomba, jana baba kabadilisha balbu," akasema.

Nikacheka. "Ulimshikia kiti?"

"Hakutaka. Kaweka stuli juu ya meza, kapanda. Na swichi hakuizima."

Nikaacha kucheka.

"Na usiku hafungi mlango siku hizi," akaendelea. "Nikimwambia, ananijibu, we lala tu, nani atakuja? Basi nafunga mimi."

Baba yake alikuwa mtu wa kufunga komeo, akafunga kwa ufunguo, akaenda, akarudi kujaribu kitasa. Dada alikuwa akimtania kwamba mwizi wao atazeeka nje akisubiri. Mtoto yule ana macho ya mama yake, na siku ile yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. Hapo hofu iliniingia, na nilikwenda nayo kazini kesho yake kama kokoto ndani ya kiatu.

Tangi lilikuwa limebakiza paneli chache kufunga. Ya kwanza ya asubuhi ilitua mferejini, nikainama kufunga mguu wangu. Nilikuwa bado sijaingiza hata nati nikasikia sauti yake: "Achia!"

Niliinua macho, nikaona ukuta mzima umesimama juu yangu bila kuegemea chochote, mguu wangu mimi unaning'inia kando. Kama kamba ya kreni ingelegea pale, hadithi hii angeisimulia mwingine. Lakini haikulegea. Dereva hakuachia. Nilipomuuliza baadaye alijipangusa jasho shingoni akaniambia, "Sikusikia ngoja, bwana. Masikio yangu yalikuwa yanasubiri ngoja." Siku ile hakuimba tena.

Mchana nilimkuta shemeji amekaa kwenye kivuli cha paneli ileile, mgongo kauegemeza kwenye zege, anakula kwa utulivu. Kwa miaka yote alikuwa anakula nje kabisa, karibu na geti.

"Shemeji, unataka kutuua?" nikamuuliza.

"Nisamehe. Nilisahau."

"Hujasahau. Mtu hasahau kuogopa."

Alitafuna taratibu, akameza. "Unajua nilikuwa naogopa nini? Si zege. Kila nilipoupiga mguu teke nilikuwa namwona msimamizi anabisha mlango wangu, dada yako anatoka na povu la sabuni mikononi, anaambiwa. Ndiyo hicho tu. Basi nasema ngoja, naangalia tena. Sasa na abishe. Nani atafungua?"

"Mtoto atafungua!"

"Mtoto ana mjomba." Akatabasamu kwa upole, na tabasamu lile lilinitisha kuliko ukuta wa asubuhi. "Mjomba mwenyewe jasiri. Namshukuru Mungu kwa hilo, shemeji. Najua kwako atakula na atasoma."

Nilitaka kumzaba kofi. Alikuwa amekwisha kupanga kila kitu moyoni, kama mtu aliyefunga mizigo na sasa anasubiri gari.

Nikamwendea msimamizi, nikamsihi ampeleke stoo akahesabu nati. Msimamizi naye alikuwa ameogopa, nilimwona, lakini aliyatazama mawingu akasema kesho. Leo hana mtu mwingine, na duara lililo wazi si la kuachia upepo. Basi tukaendelea. Nilijaribu kufanya kazi yake mimi mwenyewe. Niliweka kiganja kwenye zege, nikaipiga teke miguu yote, yangu na yake, nikasikiliza. Ilisema ngo, ngo. Sikujua ngo nzuri ni ipi na mbaya ni ipi. Miaka yote ile sikuwahi kumuuliza anasikiliza nini.

Upepo ulikuja alasiri, tulipokuwa tumetoka kuachia paneli ya mwisho kabla ya ile ya kufungia. Uliingia kwa lile pengo lililobaki ukazunguka ndani ya duara, na zege likaanza kuvuma. Sijawahi kusikia zege likivuma kabla ya hapo. "Tokeni! Wote nje!" msimamizi akapiga kelele, na tukatoka mbio kupitia pengo, mimi nikimkokota shemeji kwa mkono.

Tukiwa nje tukasikia chuma kikigonga sakafu. Tulichungulia. Ni ile paneli ya mwisho, na ni mguu wake wa kulia: nati ilikuwa imelegea, unyayo unainuka na kurudi, unainuka na kurudi, na juu kule ukuta unatoka nje ya mstari upana wa kidole, halafu unarudi.

Shemeji aliokota spana, akaingia.

Alitembea tu. Angekuwa amekimbia ningesema ni ushujaa. Alitembea kama mtu anayekwenda kufunga bomba la maji jikoni. Genge zima likamlilia, "Ngoja! Ngoja!" Watu walewale, kwa neno lilelile walilokuwa wakimchekea. Hakugeuka. Akapiga goti chini ya ule ukuta, akaanza kuzungusha nati kwa mkono mmoja.

Miguu yangu, hii ya nyama, ilikataa. Sioni haya kusema. Nilikuwa salama pale nje, na kila kiungo changu kilinishauri nibaki. Jasiri! Niliwahi kuwa jasiri kwa sababu kulikuwa na mtu mwingine wa kuogopa kwa niaba yangu. Nikauona akilini mkono mdogo wa mpwa wangu ukivuta komeo peke yake. Nikaingia.

Sikwenda kumvuta. Namjua, angenisukuma nje na kubaki yeye. Nilipita nyuma yake nikasimama katikati ya miguu miwili, mgongo kwenye zege, pale ambapo paneli ikianguka hakuna cha kuzika. Niliisikia ikinisukuma mgongoni, ikaniacha, ikanisukuma tena. Suruali ikalowa, na mvua ilikuwa haijaanza.

"Shemeji, toka hapo," akasema bila kuinua kichwa.

"Sitoki."

"Toka, naikaza sasa hivi."

"Kaza. Mjomba wa mtoto yuko hapa. Kaza na nati yako moja, tuone kama inatosha."

Mkono wake ulisimama. Akainua kichwa akanitazama, halafu akautazama ukuta kuanzia chini yangu mpaka juu kabisa, mahali zege lilipokuwa linacheza na mawingu. Nikaona uso wake ukibadilika, macho yakamtoka, midomo ikawa ya kijivu. Spana ikaanza kugonga nati yenyewe kwa jinsi mkono ulivyokuwa unatetemeka, kisha ikamponyoka ikaanguka.

"Ngoja," akasema kwa sauti ndogo sana. Halafu kwa ile sauti yake ya siku zote, ile kali inayokera: "Ngoja! Shemeji, usitikisike! Mungu wangu, nani kaacha mguu hivi? Usiuguse! Upepo ukitulia, wewe utakuja kwangu. Ngoja kwanza. Ngoja... Sasa! Njoo!"

Alinidaka mkono wa shati akanivuta, tukakimbia, akiwa anapiga mayowe njia nzima mpaka nje ya pengo. Kule nje akanitukana matusi ambayo sikujua anayajua. Alimtukana msimamizi, akamtukana dereva, akawaamuru washushe ndoano waishike paneli kwa minyororo yake kwanza, ndipo mtu aguse nati. Wakafanya. Kreni ilipoibeba paneli sawasawa alirudi ndani, akitetemeka mwili mzima, akakaza. Akaweka kiganja kwenye zege. Akapiga teke mguu wake, akaja kuupiga wangu. Dereva alisubiri juu kule kimya kama yuko kwenye ibada. Tulingojeshwa mpaka mvua ikatulowesha wote.

Jioni tulirudi pamoja. Barabarani alinishika mkono wa shati, na mimi nikamshika wake, maana magari yote siku ile niliyaona yanakuja kwangu. Mpaka leo nayaona hivyo. Woga ule ulipomrudia yeye, mimi pia haukuniacha.

Mpwa wangu alitufungulia. Alitutazama tulivyolowa, akamtazama baba yake mikono, ikiwa bado inatetemeka, akampisha apite bila kuuliza. Nikawaaga, nikabaki kwenye ngazi kupumua kidogo. Nikasikia komeo. Nikasikia ufunguo. Nyayo zikaondoka, zikarudi, kitasa kikajaribiwa.

"Baba, umeshafunga," sauti ya mtoto ikasema.

"Ngoja," akasema.

Nikakaa kwenye ngazi, nikangoja mpaka alipomaliza.