Mwanambuzi wa Pili

Ukiuliza habari za Apolinaria pale Kitete, jibu la kwanza lilihusu mapaja yake. Usifikirie mabaya. Juu ya mapaja yale walilelewa watoto wachanga ambao mama zao walifariki katika uzazi. Aliketi mkekani, miguu kainyoosha, akamlaza mtoto chali, akakinga kiganja cha kushoto chini ya mdomo kama kata, kisha akamimina uji mwembamba wa vuguvugu. Mtoto alie asilie, apende asipende, alimeza. Alifundishwa hivyo na bibi yake, mke wa mpagazi, aliyetembea njia ya misafara kutoka Unyanyembe hadi pwani na kuona watoto wa njiani wakiokolewa kwa kiganja tu. Apolinaria alijivunia ujuzi huo, tena alijivunia kupita kiasi. Mwanamke mwingine akithubutu kumshauri, alimkata kwa jicho.

Tatizo ni kwamba watoto walirudi kwa wenyewe. Mtoto akishaota meno na kusimama dede, baba alikuja na kanga mpya na shukrani nyingi, akamchukua. Apolinaria alicheka mbele za watu, mlango ukifungwa akalia. Yeye na marehemu mumewe Kasimiri hawakujaliwa mtoto, na Kasimiri hakuacha hata kuku.

Kilichokuwapo uani ni mbuzi jike mmoja, naye alikuwa wa Masele, mfugaji wa Nzega, rafiki mkubwa wa Kasimiri. Masele alimleta msiba ulipokwisha. "Mtunze, shemeji," alisema. "Akizaa mmoja, ni wangu. Akizaa pacha, wa kwanza kutoka ni wako, wa pili wangu." Mzao wa kwanza ulikuwa wa mwanambuzi mmoja, akaenda zake Nzega. Apolinaria akasubiri.

Vita vya Hitla vilikuwa vimekwisha na askari walikuwa wakirejea kwa treni, asubuhi mbuzi yule alipojilaza nyuma ya jiko. Akatoka mwanambuzi mwenye baka jeupe usoni. Apolinaria akajishika kichwa: mmoja tena? Akatoka wa pili, mweusi tititi. Pacha! Alipiga vigelegele peke yake. Lakini damu ya mama haikukatika, na jua halijapanda vizuri mbuzi alikuwa amekufa.

Hakungoja kulia. Alikimbia kwa jirani yake Minza, ambaye mbuzi wake naye alikuwa amezaa, akaomba dang'a kidogo, yale maziwa mazito ya kwanza. Aliporudi, alimnyakua wa baka jeupe kwanza. Kwa nini huyo? Kwa sababu alikuwa wake, basi, na mtu asimlaumu. Akamlaza chali mapajani, akakinga kiganja, akamimina.

Mwanambuzi akapaliwa. Akakohoa, akatoa povu puani. Apolinaria, aliyezoea vilio vya watoto, alimimina tena. Mchana haujafika, shingo ile ndogo ikalegea mkononi mwake.

Alikaa pale na maiti yake, amepigwa butwaa. Yule mweusi alikuwa akitetemeka kwenye majani, hawezi hata kunyonya kidole. Apolinaria akamfunika kwa kanga, akaenda kwa Yoramu, dresa wa zahanati, baba wa msichana mmoja aliyewahi kulala juu ya mapaja yale.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Yoramu, nipe kitu cha kutilia maziwa tone kwa tone. Kiganja changu leo kimeniaibisha."

Yoramu alipekua kabati, akatoa bomba la sindano la kioo ambalo mdomo wake ulikuwa umemeguka, halishiki tena sindano. Akalichemsha, akalifunga kwenye kitambaa safi. "Tone kwa tone kweli, mama. Usisukume kwa pupa."

Basi ungedhani amejifunza. Wapi! Alirudi nyumbani, na mazoea yakamlaza mwanambuzi chali kama kawaida. Tone la kwanza tu, kikohozi kilekile. Apolinaria akalitupa bomba mkekani kwa woga, akatoka na mnyama kifuani hadi kwa Minza, bila kujua anafuata nini. Pale uani wanambuzi wa Minza walikuwa wakinyonya. Wamesimama. Magoti ya mbele wameyapiga chini, tumbo linatazama ardhi, shingo wameinyoosha mbele. Hakuna hata mmoja aliyelala chali.

Aliwatazama kwa muda mrefu. Ndipo alipoelewa kwamba yule wa baka jeupe hakufa kwa udhaifu. Aliuawa na mapaja yanayosifiwa Kitete nzima. Aibu ilimshika, akageuka na yule mweusi kifuani kurudi nyumbani.

Tangu hapo alijifunza upya, utu uzima huo. Alimsimamisha mweusi kati ya magoti yake, akamshikilia kidevu bila kukiinua sana, akaingiza bomba pembeni mwa mdomo, akasukuma kidogo na kungoja. Koo likicheza, akasukuma tena. Siku za mwanzo mwanambuzi alimeza kwa shida. Kisha akaanza kuling'ang'ania bomba, mkia ukicheza, na Apolinaria akajikuta akiimba.

Mtama ulikuwa umevunwa Masele alipopita akipeleka ng'ombe mnadani.

"Mwangaluka, shemeji."

"Mwangaluka. Kaa kwanza, unywe maji. Nina habari mbaya."

Akamletea ngozi mbili zilizokauka, kubwa na ndogo, kama desturi inavyomtaka mlezi wa mifugo ya mtu, mwenye mali asije akadhani wanyama wake wameliwa kwa siri. Masele aliipapasa ile ndogo.

"Huyu ni wa kwanza au wa pili?"

Uzazi ule hakuna mtu aliyeushuhudia. Angesema wa pili, nani angembishia? Yule mweusi alikuwa pale pale akimsukuma goti, akitafuna pindo la kanga yake.

"Wa kwanza. Wangu. Nilimuua mwenyewe kwa ujuaji wangu. Aliyebaki ni wako."

Masele akafungua kamba kiunoni, akamvisha mwanambuzi shingoni. Mnyama akalia. Apolinaria akamkabidhi bomba. "Msimamishe, shemeji. Usije ukamlaza. Tia pembeni, ngoja ameze."

Masele alikigeuzageuza kile kioo katika kiganja chake cha mchungaji. "Mpaka lini?"

"Mpaka aache mwenyewe."

Mfugaji akaifungua kamba. "Sisi hatumtengi mnyama na mama yake kabla hajaacha ziwa. Nitamchukua akishaacha kunyonya."

Wakati huo mwanambuzi alikuwa amejaza mdomo majani ya karanga. Wote wawili walimwona. Masele akaifunga kamba yake kiunoni.

Tangu hapo, kila Masele alipopita na ng'ombe, alipaza sauti kutoka barabarani: "Shemeji, ameacha?" Naye Apolinaria alijibu, "Bado!" Bomba lilivunjika, jibu likawa lilelile. Mbuzi akaota ndevu, jibu lilelile. Akabeba mimba, akazaa pacha wenye afya.

Mwezi ule Masele alifuatana na mchuuzi mmoja wa mjini. Mchuuzi alisimama kwenye ua, akamtazama mbuzi mweusi akinyonyesha.

"Mbuzi mzuri. Ni wako huyu, mzee?"

"Mimi?" Masele akasema, akiwaswaga ng'ombe wake bila kugeuka. "Muulize mwenyewe."

Mchuuzi akamgeukia Apolinaria. Mama huyu alikuwa amezoea kutaja jina la mwingine kwa kila kitu alichokilea.

"Ni wangu," akasema, na machozi yakamtoka hadharani, mlango ukiwa wazi.