Kambi Saba za Mto Luama

Siku yangu ya kwanza kazini sikumwona mnyama hata mmoja. Shefu wa kituo cha Kasongo alinipeleka kichakani nyuma ya ofisi, akanichutamisha mbele ya fungu la kinyesi kikavu, akaniuliza nimeona nini. Nikamjibu kwamba nimeona mavi.

"Ya nani? Ya jana ao ya juma iliyopita? Alikuwa peke yake?"

Sikujua. Hakunikaripia. Alisema, "Kesho utajua moja, kesho kutwa mbili. Ulikuja kuona nyama? Nyama ndiyo itakuona weye. Kazi yako iko kusoma vile waliacha."

Ninawaandikia ninyi mnaoingia katika kazi ya kuhesabu wanyama wa msituni. Msiogope kutojua. Mimi niliifanya kazi hii mpaka magoti yakagoma, na kosa langu kubwa nililifanya nikiwa tayari naitwa mtaalamu.

Kituoni nilipewa kazi ya kushika daftari, ndiyo maana wenzangu wananiita Karani hadi leo. Daftari la porini huandikwa kwa kalamu ya risasi, kwa sababu wino hukimbia mvua ikilowesha karatasi. Tena halifutwi. Ukikosea, unapiga mstari mmoja juu ya neno ili liendelee kusomeka, unaandika lililo sahihi pembeni, unatia sahihi. Shefu alikuwa akikagua madaftari kwa kuyainua juani, akitafuta mahali palipokwaruzwa.

Baadaye nilihamishiwa Wamaza. Huko shefu wa sekta, mtu mnene aliyetembea kimya kuliko sisi sote, alinifundisha mstari. Mstari ni njia nyembamba tunayoifyeka kwa kufuata dira, moja kwa moja, bila kukwepa kinamasi wala miiba. Unatembea polepole na kuandika kila unachokiona kuume na kushoto. Alinifundisha pia vitanda vya sokomutu, yaani sokwe. Sokomutu mkubwa hukunja matawi kila jioni na kujitandikia kitanda kipya juu ya mti. Kwa hiyo ukikuta vitanda thelathini, usiandike sokomutu thelathini. Huenda ni watano waliolala hapo siku sita. Unatazama majani: ni mabichi, yamenyauka, yamekauka, au vimebaki vijiti tu? Hapo ndipo unaanza hesabu. Shefu wa sekta alikuwa akisema mtu anayehesabu vitanda bila kuuliza umri wake ataujaza msitu wanyama ambao hawapo.

Somo hilo nililishika vizuri sana kwa sokomutu. Kwa watu sikulikumbuka.

Ilikuwa katika safari ya Mto Luama. Tulitumwa kuushuka mto kutoka pande za Kabambare kuelekea Lualaba, tukisimama kila baada ya kitambo kukata mstari ndani ya msitu. Ofisi ilitaka kujua wanyama waliobaki, ili kipande cha msitu kiwekwe chini ya ulinzi. Tulikuwa na mitumbwi miwili. Shefu wa misheni, yaani mkuu wa safari ile, alikuwa mama mmoja, mhandisi wa misitu, mkali kwa saa na mpole kwa wagonjwa. Sumaili, mwenyeji wa Kasongo mjini, alishika motere, yaani injini ya mtumbwi. Mbele yetu sote alitembea Kalunga, mfuata nyayo, Mtwa wa msitu ule ule. Watwa ndio wenyeji wa kwanza wa misitu hii. Wakulima wa vijijini hununua kwao asali na nyama, kisha mara nyingi huwasahau wanapokaa barazani kuzungumza habari za ardhi.

Kalunga hakuwa msemaji. Alikuwa akituonyesha mahali kiboko alipopandia ukingoni, mti ambao mbega walikula matunda yake asubuhi ile, na nyayo za nyati ambazo mimi ningeziita tope. Nilimheshimu sana. Lakini heshima yangu iliishia kwenye nyayo.

Fishi yetu, yaani karatasi ya kujaza, ilikuwa na safu ya mwisho iliyoitwa "ishara za watu". Humo tuliandika mitego ya nyaya, maganda ya risasi na kambi za wawindaji. Katika siku zile nilikuta kambi saba: vibanda vya majani vilivyotelekezwa, majivu baridi, mifupa ya samaki. Nikaziandika zote "kambi ya majangili". Kwa kuwa nilizoea kuandika kila kitu, niliongeza pia kwamba katika kila moja ya kambi sita kibanda kimoja kilikuwa kimeanguka na vingine vimesimama. Sikujiuliza kwa nini.

Adhuhuri moja tulipumzika kwenye mchanga wa mto. Shefu aliniomba nimsomee jumla. Nikasoma: sokomutu wapo, mbega wengi, tembo ishara hafifu, kambi za majangili saba.

"Saba," akasema. "Basi msitu huu umevamiwa. Nitapendekeza watu wote watolewe ndani, kisha ulinzi uanze."

Kalunga alikuwa akichoma samaki. Alimgeuza samaki wake upande wa pili, akasema bila kuinua macho, "Karani, sokomutu munamuuliza alilala siku ngapi. Sisi hamutuulize."

Sumaili akacheka, kisha akaona hakuna mwingine aliyecheka.

"Unasema nini, Baba Kalunga?" Shefu akauliza.

"Ile kambi sita iko yetu. Jamaa moja. Mutu akikufa, tunaangusha nyumba yake, tunahama. Ya kwanza alikufa mama yangu. Ya pili mutoto wa dada yangu. Niendelee?"

Mimi nilifungua daftari na kuviona vile vibanda sita vilivyoanguka, kwa mwandiko wangu mwenyewe. Jamaa moja iliyofiwa mara sita nilikuwa nimeigeuza makundi sita ya majangili. Na kwa hesabu hiyo dada yake na watoto wao wangetolewa kwenye msitu walimozaliwa.

"Na ile ya saba?" nikamuuliza.

"Ile haiko yetu. Iko ya wale wa kuuza nyama. Usiifute ile."

Nikamwomba Shefu anipe ruhusa ya kusahihisha. Akanijibu, "Daftari halibadilishwi kwa sababu mtu mmoja amesema. Hata akiwa anasema kweli. Kule ofisini wataniuliza nimeona nini."

"Ndiyo, Shefu. Ndiyo maana naomba turudi tukaone."

Sumaili akaweka sahani chini. "Turudi? Motere inakohoa kama muzee wa tumbaku, na mchele iko ya siku mbili. Karani, weye ulikosea kwa kalamu, mimi nitalipa kwa mukono?"

"Utapiga kasia, ndugu yangu, na mimi nitapiga pamoja nawe."

"Weye? Weye unapiga kasia kama unakoroga bugali."

Shefu aliuliza mafuta yamebaki kiasi gani, akauangalia mto, akatupa siku tatu. Tulipanda Luama kinyume cha maji, motere ikiwaka na kuzimika, na mahali penye mawe tulishuka tukavuta mitumbwi kwa kamba. Mchele ulipokwisha tulikula samaki wa Kalunga na mihogo tuliyoomba kijijini.

Kalunga hakuingia katika kambi hata moja. Kwao mahali pa kifo hapakanyagwi tena. Alikuwa akisimama kwenye njia na kunielekeza kwa sauti. "Kushoto. Kibanda iliyoanguka, miguu ya kitanda inatazama mto." Nami nilikuta vijiti vya kitanda vikiwa vile vile alivyosema. Nilitazama majani ya paa kama nilivyofundishwa kutazama vitanda vya sokomutu: kambi ya juu vijiti vitupu, iliyofuata majani meusi yaliyooza, na ya mwisho majani bado yana rangi. Hazikuwahi kukaliwa pamoja. Hapakuwa na waya, wala ganda la risasi, wala uchaga wa kukaushia nyama nyingi. Kambi ya saba ilikuwa na vyote vitatu.

Niliporudi nilipiga mistari sita katika daftari, nikaandika pembeni "makao ya Watwa, jamaa moja", nikatia sahihi mara sita. Shefu alisoma, akatia yake chini ya yangu. Katika ripoti yake ile sentensi ya kuwatoa watu haikuwemo. Ilipofika Kabambare kulikuwa na mabishano marefu, na bwana mmoja wa ofisini aliuliza ni lini karani wa wanyama alianza kuhesabu watu. Shefu akamjibu, "Siku alipoanza kuhesabu vibaya." Mwishowe ulinzi uliwekwa, na jamaa ile ikabaki ndani yake pamoja na asali yao na samaki wao. Haikuwa hivyo kila mahali nilipofanya kazi baadaye. Kuna madaftari yangu ya kabla ya hapo ambayo sikuweza kuyarudia, na sijui safu yangu ya mwisho ilimwondoa nani.

Sasa nimestaafu, nalima mihogo yangu hapa Kasongo. Vijana wangu wa kazi hunipigia simu wakirudi mahali penye mtandao. Majuzi mmoja alikuwa ametoka Luama.

"Mzee Karani, tumekuta ile kambi ya Baba Kalunga iko tupu."

Nikauliza, "Kibanda kimoja kimeangushwa?"

"Ndiyo, Mzee. Cha kwake. Pole."

"Na wengine?"

"Wamevuka kijito. Tumewakuta ng'ambo, wanajenga."

"Umeandikaje?"

"Nimeandika makao ya Watwa, jamaa moja, wamehama kwa msiba."

Nikamwambia ameandika vizuri.