Mwantumu, Fungua Dirisha

Enzi zetu pale Kilole, Korogwe, wimbo ukivuma ulivuma kweli. Redio ilikuwa moja, ya baba, betri zake tukizianika juani juu ya bati, na ukianza ule wa "Mwantumu, fungua dirisha," mama alisonga ugali kwa mapigo yake. Siku hizo ugali ulikuwa laini ajabu.

Kila mtu akautengenezea wa kwake. Kwaya ya kanisani waliimba, "Mwenye dhambi, fungua moyo." Mashabiki wa mpira, "Kipa, fungua goli." Muuza dagaa alipita na baiskeli akiimba, "Mama, fungua mlango," na mama zetu wakafungua. Sisi wanafunzi tuliuimba kwenye mchakamchaka asubuhi, vumbi hadi kwenye kope, na jina la Mwantumu hatukulibadilisha, maana mimi Mwantumu nilikuwa naye nyumbani.

Shangazi Mwantumu, mdogo wake baba, alikuwa amependwa na fundi cherehani wa Kabuku. Naye alimpenda, tena sana. Kabuku ikitajwa tu, maharage yanaungua. Siku mshenga alipokuja na posa, mzee wa kanzu na mwavuli, aliteremka kwenye basi la kwanza akakutana na mchakamchaka wetu.

"Shikamoo mzee!"

"Marahaba wanangu. Huyo Mwantumu mnayemwimba ni nani?"

"Shangazi yangu!" nikajibu, kifua mbele. Nilidhani namwongezea sifa. "Anaimbwa mpaka redioni!"

Nikachomoka mstarini nimwonyeshe njia. Mzee alifika kwetu amenuna, akakataa hata kukaa. Alisema kwao hawaoi binti anayegongewa dirisha na nchi nzima. Shangazi alilia ndani ya kanga hadi na mimi nikalia.

Bibi ndiye aliyesimama. "Haya mzee mwenzangu, njoo unionyeshe hilo dirisha."

Wakaizunguka nyumba yote. Chumba cha shangazi hakikuwa na dirisha. Kilikuwa na tundu la hewa tu, na kuku aliyewahi kujaribu kupita pale tulimtoa kwa kumvuta miguu. Mzee akacheka hadi mwavuli ukamponyoka. Posa ikapokewa, na siku ya harusi tarumbeta hazikupiga kingine ila wimbo huohuo.

Yule fundi alipojenga Kabuku alianza kununua dirisha, nyumba ikafuata. Kila jioni akifunga kazi alisimama nje akaimba, na shangazi akafungua huku anajifanya amechukia.

Mwezi uliopita nilikwenda kumsalimia. Wajukuu wake walikuwa na simu, na kumbe vijana wa Dar wameurudia ule wimbo. Hakuna Mwantumu, hakuna dirisha, ni "beibe fungua" na kishindo cha kutikisa vikombe.

"Beibe ndiye nani?" shangazi akauliza. "Hana kwao?"

Wajukuu wakacheka. Enzi zetu anayeimbiwa alikuwa na jina, na wimbo tulikaa nao mwaka mzima. Hawa wanauonja, wanapitisha kidole.

Mume wake tulishamzika. Lakini nilimwona shangazi anaweka chini kikombe cha chai, anajifunga kanga vizuri, anaelekea dirishani taratibu, magoti yanamuuma. Alipolifikia, watoto walikuwa wameshahamia wimbo mwingine.

Akafungua hivyo hivyo.